Swali Ambalo Tumbili Anaweza Kulijibu

Semina ya tabia za wanyama tuliyosoma mwaka wa tatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa na sharti moja ambalo mwalimu wetu hakulilegeza hata siku moja. Kila wiki mmoja wetu alileta makala ya utafiti iliyotoka karibuni na kuieleza mbele ya wenzake. Kabla hajagusa matokeo, ilimlazimu aseme mambo mawili: mnyama aliulizwa nini, na angejibu vipi ili mtafiti akubali kwamba wazo lake halikuwa sahihi. Aliyeshindwa kusema la pili alirudi kuketi, na makala yake ikasubiri.

Wengi tuliingia tukiwa na maswali mapana. Kama wanyama wana huzuni. Kama wana lugha. Kama simba anamkumbuka aliyemjeruhi. Mimi natoka Sikonge, mkoani Tabora, kwenye ukoo wa warina asali, na nilikuwa na maswali yangu kuhusu ndege. Mwalimu alitusikiliza, akayaandika yote ubaoni, kisha akasema, "Haya ni ya kuulizana ninyi kwa ninyi. Sasa nitafutieni swali ambalo tumbili mwenyewe anaweza kulijibu." Kauli hiyo ndiyo elimu kubwa niliyotoka nayo chuoni, na kila nikisoma habari za utafiti mpya huwa nazipima kwayo.

Tumbili hakutajwa ovyo. Thomas Struhsaker, aliyewafuatilia tumbili wa Amboseli nchini Kenya miaka ya 1960, aliandika mwaka 1967 kwamba wanyama hao wana milio tofauti ya tahadhari kwa maadui tofauti. Kwa mlio wa chui hukimbilia mtini. Kwa mlio wa tai hutazama juu au hujitosa kichakani. Kwa mlio wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani yaliyo mbele yao. Yeyote aliyeishi karibu na tumbili anaweza kusimulia hayo. Ila kulikuwa na shaka isiyoondolewa kwa kutazama peke yake: huenda mlio ni ukelele wa woga tu, na kila tumbili akishausikia huangaza macho, akamwona adui, akaamua la kufanya. Hapo habari ingekuwa kwenye macho, si kwenye sauti.

Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walifika Amboseli mwaka 1977 wakiwa na kinasa sauti na spika. Walirekodi milio, wakaificha spika kichakani, wakangoja wakati ambapo hapakuwa na chui, tai wala nyoka, kisha wakaipiga ile milio huku wakichukua picha za filamu. Tumbili waliosikia mlio wa chui walipanda miti. Waliosikia wa tai walitazama angani, na waliosikia wa nyoka wakainamisha macho ardhini. Makala yao, waliyoiandika pamoja na Peter Marler, ilitoka mwaka 1980. Uzuri wa jaribio lile ni kwamba tumbili walikuwa na uhuru wa kukataa. Wangeweza kutazama huku na huku bila mpangilio, au kubaki wametulia, na dhana nzima ingeporomoka pale pale mbele ya kamera.

Nilidhani basi mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu alidai makala zilizotoka karibuni. Mwaka 2015 watafiti waliipima upya milio ya tumbili na kukuta kwamba miito ya madume inayofanana sana na ile ya chui hutolewa pia wakati wa ugomvi wa wao kwa wao. Kwa hiyo msikilizaji hategemei sauti peke yake. Anaangalia na mazingira. Baadaye, mwaka 2019, ilitoka kazi ya Senegal, ambako watafiti waliwarushia tumbili wa kijani ndege isiyo na rubani, kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Tumbili hao walitoa mlio unaokaribiana mno na ule ambao jamaa zao wa Afrika Mashariki huutoa kwa tai. Inaelekea mlio wenyewe wamezaliwa nao. Kinachofundishika ni wapi pa kuutumia na namna ya kuusikiliza. Hata huko Amboseli ilishaonekana kwamba watoto wa tumbili hutoa mlio wa tai kwa ndege wasio na madhara, wakati mwingine hata kwa jani linaloanguka, na kadiri wanavyokua ndivyo wanavyochagua vizuri zaidi.

Ukisoma mfululizo huo utaona unagusa maswali manne, na wanafunzi wa fani hii duniani kote hufundishwa kuyatenganisha. Aliyeyapanga ni Niko Tinbergen, Mholanzi aliyefundisha Oxford, katika makala ya mwaka 1963. Tabia imechochewa na nini sasa hivi? Imekuaje katika maisha ya mnyama huyu? Inamfaa nini katika kuishi na kuzaa? Na katika historia ya jamii yake imetokana na nini? Mwaka 1973 Tinbergen alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch. Mabishano mengi niliyoyasikia darasani, yale ya kupandishiana sauti, yalimalizika pale mwalimu alipowaonyesha wabishi kwamba mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake la tatu, na wote wawili wako sahihi.

Kazi yetu ya vitendo tuliifanya pale pale Mlimani, kwa kuwa tumbili wamejaa kwenye miti ya mabweni na kafeteria. Kikundi chetu kilianza na swali la kama tumbili wanamtambua mtu mwenye chakula. Mwalimu akalipunguza. Kumtambua maana yake afanye nini? Akamwona au asimwone akiwa na chakula? Mwisho tulibaki na kitu chembamba kabisa: mtu yule yule, nguo zile zile, mwendo ule ule, anamkaribia tumbili mara akiwa na mfuko wa rambo mkononi na mara akiwa mikono mitupu, tunapima kwa hatua umbali ambao tumbili anaondoka. Nilihisi tumelinyonya swali damu. Lakini tulipoingia uwandani niliona kwamba swali hilo jembamba lilitosha kutujaza kazi kuanzia asubuhi hadi jua kuzama.

Kabla ya kupima chochote tulitakiwa kusoma makala ya Jeanne Altmann ya mwaka 1974. Altmann alisomea hisabati, na pamoja na mumewe Stuart walianzisha mwaka 1971 utafiti wa muda mrefu wa nyani wa Amboseli, ambao umeendelea kwa miongo. Hoja yake ni kwamba jicho la mtazamaji lina upendeleo. Likiachwa lijichagulie, litamfuata anayepiga kelele, dume kubwa, wanaopigana, na daftari litajaa vita hata kama kundi limeshinda likichuma majani. Dawa yake: mchague mnyama kabla hujaanza, mfuate kwa muda uliopangwa, andika kila anachofanya, na akikaa tu andika kwamba amekaa.

Nilipangiwa jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Kwa macho yangu ya awali alikuwa hana habari. Madume yalirukiana juu ya paa la bati, watoto walining'inia kwenye nyaya, na mimi naandika: amekaa, amekaa, anajikuna, amekaa. Halafu nikaanza kuona. Kila mwanafunzi alipotokea kwenye njia ya kafeteria, jike yule alitazama kwanza mkono, ndipo akatazama uso. Kama mkono ulikuwa na daftari, alirudi kwenye shughuli zake. Kama ulikuwa na mfuko, alisogea tawi moja chini, akasimama, akatazama walipo wenzake. Hakuwahi kuwa wa kwanza kushuka. Alingoja kijana mmoja wa kiume ashuke, na akifukuzwa kwa jiwe yeye alikuwa bado yuko juu. Akifanikiwa, yeye alishuka upande wa pili na kuokota kilichodondoka. Wenzangu waliokuwa wakitazama kundi zima hawakuliona hilo, kwa sababu kutoka mbali anaonekana tumbili aliyekaa.

Matokeo yetu yalikuwa madogo, na nayathamini hivyo yalivyo. Karibu na kafeteria, mwenye mfuko aliachwa asogee zaidi kuliko mwenye mikono mitupu. Kwenye miti ya pembezoni, mbali na vyakula, mfuko haukubadilisha kitu. Kwa hiyo tumbili hawakuwa na kanuni moja ya mifuko, ilikuwa ni mfuko mahali fulani. Tulipouliza kama ni makundi mawili tofauti au ni tumbili wale wale wanaobadilika kutokana na mahali, muhula ulikuwa umekwisha.

Zamu yangu ya kuwasilisha makala ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Ilikuwa imetoka mwaka huo huo, 2016, na ilihusu ndege wa asali. Kwetu hakuna asiyemjua. Ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, anapiga kelele za kuita, anaruka tawi hadi tawi mpaka akufikishe kwenye mti wenye nyuki. Yeye anataka nta na mabuu, lakini hana nguvu ya kupasua gogo wala moshi wa kuwatuliza nyuki. Mtu ana shoka na moto, ila hajui nyuki walipo.

Sayansi ilimpima kwa makini mara ya kwanza kupitia Mkenya, Hussein Isack, aliyefanya kazi na Heinz-Ulrich Reyer miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Makala yao ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba warina asali wasioongozwa na ndege walitumia kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga mmoja wa porini, na walioongozwa walitumia saa 3.2. Mpaka hapo ndege anasema na binadamu anasikia. Makala niliyopewa iligeuza upande: je, ndege naye anamsikia binadamu? Claire Spottiswoode na wenzake walikwenda Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Wayao humwita ndege huyo kwa sauti maalumu, mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno. Walitembea porini na warina asali huku spika ikipiga ama sauti hiyo, ama maneno ya kawaida ya Kiyao, ama mlio wa tetere. Kwa sauti za kulinganishia, nafasi ya ndege kujitokeza na kuongoza ilikuwa kama asilimia 33. Kwa sauti ya Wayao ilifika 66. Na nafasi ya kuishia kwenye nyuki ilipanda kutoka asilimia 16 hadi 54.

Nilikwenda likizo na makala ile kwenye begi. Babu yangu, ambaye alikuwa bado ananing'iniza mizinga porini, alinipokea kama kawaida yake.

"Marahaba, mke wangu. Huko Dar wanakufundisha nini siku hizi?"

"Ndege wa asali, babu."

Akanyamaza kidogo, akaweka chini kamba aliyokuwa akisokota, akaniambia nieleze. Nilimweleza kuhusu spika na ile sauti ya Wayao. Hakushangaa kwamba ndege anasikia. Yeye mwenyewe hupiga mluzi na kugonga mti kwa shoka. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Na mtu akipita anaongea mambo yake tu, ndege haji? Maana huenda anafuata sauti ya mtu yeyote."

Nikamwambia walijaribu maneno ya kawaida. Akauliza tena: "Na wakipiga sauti ya mnyama mwingine?" Nikamtajia tetere. Ndipo akaitikia kwa kichwa na kusema basi hao watu walifanya kazi. Babu hakumaliza darasa la nne, na katika muda wa kunywa kikombe cha chai alikuwa ameyadai majaribio yote mawili ya kulinganishia ambayo wasomi walihitaji kabla ya jarida kuwaamini. Tangu siku hiyo sikubali kusikia kwamba mbinu ya sayansi ni ya kigeni. Mtu ambaye chakula chake kinategemea kumwelewa mnyama hana budi kutofautisha sababu na bahati.

Hiyo haina maana kwamba kila kilichosemwa na wazee kimethibitika. Babu aliamini, kama wanavyoamini watu wengi Afrika, kwamba usipomwachia ndege sega lake, safari ijayo atakupeleka kwa simba au nyoka. Nililipeleka jambo hilo semina. Mwalimu hakulicheka, alinitaka niseme nitaona nini kama ni kweli, na nitaona nini kama si kweli. Palepale tukapata kisa cha kulinganisha: Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mara nyingi huizika, huificha au huichoma nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Ndege ni yule yule, nchi ni hiyo hiyo moja, na jamii mbili zina sera mbili zinazopingana juu ya malipo yake. Kipi kinamfanya ndege aongoze vizuri zaidi, shibe au njaa? Hilo ndege anaweza kulijibu mwenyewe.

Mwaka 2023, nikiwa nimeshahitimu na kufundisha baiolojia sekondari, Spottiswoode na Brian Wood walichapisha kazi iliyounganisha nchi mbili. Waliwapigia ndege wa Uhadzani mluzi wa Wahadza na sauti ya Wayao, na kule Niassa wakafanya vivyo hivyo. Ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya kigeni, na wa Msumbiji walipendelea sauti ya Wayao karibu mara mbili. Jambo linalonikosesha usingizi ni kwamba ndege wa asali hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Kifaranga hulelewa na walezi wasiojua lolote kuhusu watu na asali, wala hakai na wazazi wake. Nani basi anamfundisha mluzi wa Kihadza? Anajifunza kwa kuwatazama ndege wakubwa wa aina yake akishatoka kiotani, au kwa kujaribu mwenyewe na kupata nta? Ni swali la pili la Tinbergen, na liko wazi.

Naomba niseme na jambo la Gombe, kituo cha utafiti wa sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu linawahusu wanaosoma Kiswahili kuliko wanavyodhani. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na dunia inamkumbuka kwa sokwe waliovua mchwa kwa vijiti. Lakini mwezi Mei 1975 watafiti vijana wanne walitekwa nyara na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, na watafiti wa kigeni wakaondolewa. Utafiti haukusimama. Wasaidizi wa utafiti, Watanzania, wengi wao wenyeji wa Kigoma, waliendelea kuwafuata sokwe tangu wanapoamka mpaka wanapotandika viota vyao, na kumbukumbu wakaziandika kwa Kiswahili. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama, tukio lililofungua miaka minne ya mauaji.

Kwa muda mrefu wapo waliodai kwamba ukatili ule ulisababishwa na watu, hasa ndizi walizokuwa wakipewa sokwe. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake waliunganisha kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Idadi ya madume na msongamano wa sokwe vilieleza mauaji vizuri zaidi kuliko kuingiliwa na binadamu. Swali lile lisingejibika bila madaftari ya watu ambao, walipokuwa wakiandika nani amekaa na nani na kwa muda gani, hawakuwa na habari kwamba siku moja litaulizwa. Naona tumewashukuru kidogo mno.

Siku hizi wanafunzi wangu huniletea habari za kompyuta zinazotafsiri lugha za wanyama. Iliyowasisimua zaidi ni ya tembo wa Amboseli na Samburu, iliyotoka mwaka 2024: kwamba tembo wanaitana kwa majina. Programu ilichambua miito 469 na kubashiri mlengwa kwa usahihi wa asilimia 27.5, ambapo kwa kubahatisha tu ingepata kama 8. Mimi takwimu hizo zinanigusa kidogo kuliko sehemu ya pili ya kazi ile, ambapo tembo 17 walipigiwa miito iliyorekodiwa, na wakaisogelea au kuijibu haraka zaidi ile iliyokuwa imeelekezwa kwao kuliko iliyoelekezwa kwa wengine. Kompyuta inaweza kushika kitu ambacho tembo hana habari nacho. Tembo akigeuka na kuja, amejibu yeye. Hata hivyo watafiti hawajaweza kukichomoa kipande cha mwito na kusema hili ndilo jina, na nawaambia wanafunzi kwamba kazi hiyo inawangoja.

Yangu ni ya karibu zaidi. Imeshaonekana kwamba pale watu wanapoacha kurina asali, ndege nao huacha kuongoza. Huku kwetu vijana wengi wameingia kwenye bodaboda na sukari inauzwa kila duka, na warina asali wanaojua kumwita ndege wanazidi kuzeeka. Babu ameshafariki, na mluzi wake sikuurekodi popote. Kwa hiyo kila likizo napita vijijini Sikonge na simu yangu. Nataka kujua kama kuna sauti moja ya Sikonge ambayo ndege wa huku wameizoea, au kila kijiji kina yake, au kila ukoo. Nawarekodi wazee mmoja mmoja, mbali na wenzao ili wasiigane, na kila mmoja namuuliza alijifunza kwa nani na akiwa na umri gani.